Bima ya Safari: Lipia Hospitali, Usilipie Sanduku

Likizo ikikaribia, iwe ni Pasaka, Agosti au Disemba, swali moja huanza kutufikia kutoka kwa wateja. Umechagua tiketi, umeona jumla ya pesa, uko karibu kuweka PIN, halafu chini kabisa kuna kisanduku kidogo: ongeza bima ya safari. Ubonyeze ama upite?

Wengi hupita. Nauli yenyewe imeuma, nani anataka kuongeza? Wengine hubonyeza haraka bila kusoma, kwa sababu neno "bima" linawapa amani ya moyo. Kwa maoni yetu, hao wote wameruka swali lililo muhimu zaidi: hii bima inalipia nini hasa, na hicho kitu kikitokea, mimi mwenyewe ningeweza kukilipia?

Tuseme ukweli mapema. Sisi ni kampuni ya malipo. Ukinunua bima kwa simu, pesa inapitia kwetu, na kila malipo yanayopita kwetu ni biashara kwetu. Hata hivyo hatuamini kwamba kila safari inahitaji bima. Kuna safari ambazo pesa ya bima ni heri ununulie watoto soda njiani. Na kuna safari ambazo kwenda bila bima ni kuhatarisha shamba la familia. Kazi ni kujua tofauti.

Swali moja kabla ya yote

Chukua karatasi ama fungua notisi kwenye simu. Andika jambo baya zaidi linaloweza kukupata kwenye hiyo safari, na uandike gharama yake kwa shilingi. Kisha jiulize: nikilazimika kulipa hii leo, nitatoa wapi?

Kama jibu ni "mfukoni, nitaumia kidogo lakini nitalipa," huhitaji bima ya jambo hilo. Kama jibu ni "nitakopa, nitauza ng'ombe, ama nitaombea watu mchango," hapo bima ina maana. Hiyo ndiyo kanuni yetu yote. Bima ni ya hasara inayoweza kukuangusha. Hasara ya kukuudhi tu iachie akiba yako.

Tuseme umekata tiketi ya treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, shilingi 1,500. Ukikosa safari, umepoteza 1,500. Inauma, lakini kesho utaamka na maisha yataendelea. Kununua bima ya kufidia tiketi kama hiyo ni kulipa mtu akubebee mzigo ambao unaweza kuubeba kwa mkono mmoja.

Sasa tuseme uko Istanbul ama Guangzhou kununua bidhaa za duka, uanguke kwenye ngazi na uvunjike nyonga. Hospitali inataka amana kabla daktari hajakugusa. Huo ni mzigo mwingine kabisa, na familia yako iko maelfu ya kilomita mbali.

Safari za ndani ya Kenya: angalia kwanza ulichonacho

Kwa safari ya kwenda ushago, Mombasa, Kisumu ama Nanyuki, watu wengi tayari wana kinga kadhaa bila kujua.

Ya kwanza ni ya barabarani. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inalazimisha kila gari liwe na bima ya kulinda watu wengine, na abiria aliyelipa nauli kwenye matatu au basi amo ndani ya ulinzi huo. Kiwango ambacho sheria inalazimisha kinafika shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja anayedai. Kwa hivyo ukiumia kwenye basi, kuna pahali pa kudai.

Shida ni kwamba fidia hiyo huchukua muda. Mara nyingi kuna wakili, kuna kesi, na hospitali haisubiri kesi iishe. Pia lazima uthibitishe kwamba ulikuwa abiria. Hapa simu yako inakusaidia: ukilipa nauli kwa simu, ule ujumbe wa malipo una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Usiufute. Ajali ikitokea, ripoti polisi, chukua nambari ya OB na baadaye abstrakti ya polisi, kisha uweke vyote pamoja. Ukilipa kondakta noti mkononi bila risiti, unabaki na neno lako tu.

Ya pili ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kama umejisajili na michango yako haina deni, unaweza kutibiwa katika hospitali zilizo na mkataba na SHA hata ukiwa kaunti nyingine. Kabla ya kusafiri, hakikisha mambo mawili: umelipa, na wale unaosafiri nao wameandikishwa kama wategemezi wako. Dakika tano tu nyumbani zinaweza kukuokoa mahangaiko ya usiku mzima kaunta ya hospitali.

Ya tatu ni bima ya kazini. Kama mwajiri wako ana bima ya afya ya wafanyakazi, piga simu uulize kama inafanya kazi hospitali za huko unakoenda.

Ukiwa na hizi, kwa safari ya kawaida ndani ya nchi hatuoni haja ya kuongeza bima ya safari kwenye tiketi. Tofauti ni kama unaenda pahali pa mbali na hospitali kubwa, mfano safari ya Turkana, Marsabit ama ndani ya mbuga. Huko gharama kubwa huwa ni kukutoa, na matibabu yenyewe hufuata baadaye. Amref Flying Doctors wana uanachama wa mwaka wa kuhamishwa kwa ndege wakati wa dharura, na kwa anayesafiri sana maeneo hayo, hiyo ni hesabu inayofaa kufanywa.

Ukivuka mpaka, kinga zako zinabaki nyuma

Hapa ndipo Wakenya wengi hujisahau. Kwenda Uganda ama Rwanda ni rahisi: tangu 2014 unaweza kuvuka na kitambulisho tu. Unapanda basi jioni Nairobi, asubuhi uko Kampala. Kwa sababu kuvuka ni rahisi, tunadhani ni kama kwenda Eldoret.

Si hivyo. Ukishapita Busia, Malaba ama Namanga, usitegemee kadi yako ya SHA kwenye kaunta ya hospitali ya mtaa wa huko. Bima ya kazini pia inaweza kuwa na mpaka wake. Ukiugua, unalipa kama mgeni, na unalipa hapo hapo.

Kama unavuka na gari lako mwenyewe, kuna kitu kingine cha lazima: Kadi ya Njano ya COMESA, inayopanua bima ya gari lako ili iwalinde watu wengine ukiwa katika nchi zilizo kwenye mpango huo, zikiwemo Uganda, Rwanda na Tanzania. Usichanganye. Kadi hiyo ya msingi ni ya madhara ambayo gari lako limesababishia wengine. Si bima ya wewe kuugua malaria ukiwa Mwanza.

Kuna pia pahali ambapo uamuzi umeshafanywa kwa niaba yako. Zanzibar ilianza Oktoba 2024 kuwataka wageni kutoka nje wawe na bima inayouzwa na shirika la bima la huko huko. Kabla ya kulipia hoteli ya Nungwi ama Paje, angalia masharti na bei inayomhusu raia wa Afrika Mashariki kwa wakati huo, uiweke kwenye bajeti.

Maoni yetu: kwa harusi ya siku mbili Kampala, ukiwa mzima wa afya na una akiba ya dharura ambayo hujaigusa, unaweza kwenda bila bima na usiwe mjinga. Kwa wiki mbili na watoto, ama ukisafiri na mzazi mwenye presha au sukari, nunua. Watoto na wazee hawaugui kwa ratiba.

Ulaya, Dubai, Marekani: hapa hakuna mjadala mrefu

Ukiomba viza ya Schengen, swali la "ninunue ama nisinunue" halipo. Sheria za viza hiyo zinataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote utakazokaa, na inayolipia pia kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Kwa pesa zetu, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 4.

Wengi huiona kama karatasi ya kumridhisha ubalozi, wakatafuta iliyo rahisi kuliko zote bila kusoma. Tunawaomba mfikiri kinyume. Wale waliotunga sheria hiyo wanajua bei ya kitanda cha hospitali kwao. Kama wao wanaona usiingie bila kinga ya euro 30,000, wewe unayeenda nchi isiyodai bima una sababu gani ya kudhani bei ni nafuu?

Marekani haikudai bima kwenye ombi la viza ya kawaida ya utalii. Lakini ni kati ya nchi zenye matibabu ghali zaidi duniani. Kwa hivyo kutodaiwa kusikudanganye. Mama anayeenda kumsaidia binti yake aliyejifungua Minnesota, akakaa miezi mitatu, ndiye mtu tungemsihi asipande ndege bila bima ya matibabu.

Upande mwingine, usilipe mara mbili. Viza ya utalii ya kielektroniki ya Saudi Arabia, kwa mfano, huja na bima ya afya ndani ya ada yake. Soma kwanza inalipia nini, kisha ndiyo uamue kama kuna pengo la kuziba.

Na sanduku je?

Matangazo mengi ya bima ya safari hupenda kuonyesha mtu amesimama uwanjani, sanduku limepotea, uso umekunjamana. Sanduku linauma, tunakubali. Lakini si sababu yetu ya kununua bima.

Kwanza, kwa safari nyingi za kimataifa shirika la ndege lenyewe linawajibika. Mkataba wa Montreal, ambao Kenya imeuridhia, unaweka kikomo cha fidia ya mzigo uliopotea, ulioharibika au uliochelewa. Tangu Disemba 28, 2024 kikomo hicho ni vipimo 1,519 vya SDR kwa abiria mmoja, yaani takriban dola 2,000. Hicho ni kikomo tu, utalipwa kulingana na hasara unayothibitisha. Lakini lazima uwe mwepesi. Mzigo ukiharibika, malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 7 tangu uupokee. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu uupate. Na kabla hujatoka uwanjani, nenda kwenye dawati la mizigo uandikiwe ripoti.

Pili, hasara ya nguo na viatu wengi wanaweza kuimeza. Weka dawa, hati na pesa kwenye begi la mkononi, piga picha sanduku lako kabla ya kulikabidhi, na utakuwa umepunguza shida bila kulipa senti.

Ukilinganisha bima mbili, moja ina fidia kubwa ya mzigo na ndogo ya hospitali, nyingine kinyume chake, chukua ya hospitali. Hilo halitutatizi hata kidogo.

"Lakini bima hazilipi"

Tunalisikia hili kila siku, na hatutalipuuza. Bima zote kwa pamoja nchini Kenya ni chini ya asilimia 3 ya pato la taifa. Watu hawaziamini, na wana sababu. Lakini ukichunguza madai mengi ya safari yanayokataliwa, jibu lilikuwa limeandikwa kwenye masharti tangu siku ya kwanza. Haya ndiyo ya kutafuta:

Ugonjwa uliokuwa nao kabla. Bima nyingi hazilipii presha, kisukari ama pumu uliyokuwa nayo tayari, isipokuwa umeitaja na wakakubali. Usiufiche. Ukificha, unanunua karatasi tupu.

Kusafiri kwa ajili ya matibabu. Ukienda India kufanyiwa upasuaji, bima ya safari kwa kawaida haitalipia upasuaji huo. Inalipia usichotarajia.

Pombe na michezo ya hatari. Kupiga mbizi, kukwea mlima, kuendesha pikipiki ya kukodi bila leseni: soma kama vimo ama vimetolewa.

Kazi. Anayeenda Ghuba kufanya kazi asitegemee bima ya mtalii. Anahitaji bima ya mkataba wake wa kazi.

Sehemu unayojilipia mwenyewe. Kama hati inasema kila dai unajilipia dola 100 za kwanza, dai la dola 90 ni lako peke yako.

Kupiga simu kwanza. Hati huwa na nambari ya dharura ya saa 24. Kwa kulazwa hospitalini, mara nyingi lazima wapigiwe mapema ndiyo wakubali kulipa hospitali moja kwa moja. Hifadhi nambari hiyo kwenye simu yako, na umpe pia mtu mmoja nyumbani.

Na jambo la mwisho: bima hainunuliwi moto ukishawaka. Ukisikia wafanyakazi wa ndege wametangaza mgomo ndipo ukimbie kununua bima ya safari kufutwa, umechelewa. Nunua siku unayokata tiketi, kama utanunua.

Si tuna kikundi cha WhatsApp?

Hii ndiyo hoja nzito zaidi, na hapa ndipo sisi kama kampuni ya malipo tunaona mambo kwa karibu. Wakenya tuna bima yetu ya asili: mchango. Mtu akilazwa, kikundi kinafunguliwa usiku huo, mweka hazina anateuliwa, nambari inatumwa, na ujumbe zinaanza kuingia. Mia mbili, mia tano, elfu moja. Ni kitu kizuri sana, na hatutaki kife.

Lakini tuangalie hesabu. Mtu akiaga dunia ng'ambo, familia inahitaji kulipa hospitali, kuandaa hati, na kusafirisha mwili. Hizo si mia tano za jioni moja. Michango huenda kwa majuma, mazishi yanasubiri, na wazee wanakaa na huzuni isiyo na mwisho. Wakati huo huo, ile elfu moja ya binamu imetoka kwenye karo ya muhula. Ile mia tano ya jirani ilikuwa ya unga. Mchango hauondoi gharama, unaigawa kwa watu ambao hawakupanga hiyo safari.

Ndiyo maana tunasema kununua bima kwa safari ya mbali si woga wala ubinafsi. Ni kuwahurumia walio kwenye kikundi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kuna vibaba ambavyo haba haivijazi kwa wakati.

Ukiamua kununua, lipa kwa akili

Wezi pia wanajua msimu wa safari. Hakikisha kampuni au wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Lipa kwa nambari ya Paybill ya kampuni yenyewe, usitume kwa nambari ya kibinafsi ya "ajenti" aliyekupata Facebook. Soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama jina si la kampuni, simama hapo. Baada ya kulipa, dai hati yenye nambari ya bima, tarehe za kuanza na kuisha, na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Ujumbe wa malipo peke yake si hati ya bima. Na hakuna mfanyakazi wetu, wala wa kampuni ya bima, atakayekuuliza PIN. Hakuna.

Kwa kifupi, huu ndio ushauri wetu. Ndani ya Kenya: lipa SHA, weka risiti, acha bima ya tiketi. Nchi jirani kwa siku chache: angalia akiba na afya yako, kisha amua. Ng'ambo, ama na watoto na wazee: nunua ya hospitali na ya kurudishwa nyumbani, na usisumbuke sana na sanduku.

Kabla hujabonyeza kile kisanduku wakati ujao, andika ile hasara kubwa kwa shilingi na utazame ni nani atakayeilipa. Ukiona jina ni la mtu mwingine, hilo ndilo jibu lako. Safari njema.